Chumvi ya Katwe, Ndizi za Karagwe

Matangazo ya unga wa kukoroga katika maji, ule unaosemwa kuwa unarudisha madini mwilini, siku hizi hayamlengi mwanariadha peke yake. Yanamlenga mtu wa ofisini, mwanafunzi wa chuo, mama anayenyonyesha na kila anayesikia uchovu saa nane mchana, na yote yanadai jambo moja: kwamba maji matupu hayatoshi. Dai hilo linafaa kupimwa kwa historia ya mahali ambapo chumvi ilikuwa mali ya kutafutwa. Wilaya za Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera, ni mahali pa namna hiyo. Ni nchi ya milima na mabonde iliyo mbali na bahari, inapakana na Rwanda na Uganda, na chakula chake kikuu ni ndizi na maharage. Hadi mwaka 2012 zilikuwa wilaya moja, na kabla ya ukoloni ardhi hii ilikuwa kitovu cha ufalme wa Karagwe, nchi ya Wanyambo. Hoja yangu ni kwamba watu wa milima hii walipata urari wa madini kwa chakula chao pamoja na chumvi iliyoletwa kwa shida. Kwamba maji ya chumvi na sukari yalibuniwa kwa ajili ya dharura moja mahususi. Na kwamba anayeyageuza kuwa kinywaji cha kila siku anachanganya mambo mawili ambayo mwili wenyewe huyatenganisha.

Madini yanayohusika ni machache. Sodiamu hukaa zaidi nje ya seli, katika damu na majimaji yanayozizunguka. Potasiamu hukaa zaidi ndani. Kwa mtu mzima mwenye afya, sodiamu katika damu huwa kati ya milimoli 135 na 145 kwa lita, na potasiamu kati ya 3.5 na 5. Mipaka hiyo ni myembamba, na mlinzi wake mkuu ni figo, ambazo huchuja takriban lita 180 za majimaji kwa siku na kurudisha karibu yote, zikiamua kila saa ni chumvi kiasi gani ibaki na kiasi gani itoke na mkojo. Sasa tazama sufuria ya Karagwe. Gramu 100 za ndizi zina miligramu 350 au zaidi za potasiamu, na sodiamu miligramu chache sana, mara nyingi isiyozidi tano. Maharage yaliyochemshwa bila chumvi yana sura hiyo hiyo. Hata rubisi, pombe ya ndizi inayonywewa harusini na msibani, inatokana na tunda hilo hilo na haina sodiamu ya maana. Kwa hiyo mla ndizi wa Karagwe hajawahi kuwa na upungufu wa potasiamu kwa sababu ya mlo. Anakula kila siku kile ambacho matangazo ya mijini yanakitia katika pakiti. Kilichokuwa adimu ni sodiamu, na hiyo ndiyo iliyofanya watu wafunge safari.

Chumvi ilipatikana mbali. Ziwa Katwe, kando ya Ziwa Edward katika Uganda ya leo, liko takriban kilomita 200 kutoka Kayanga, mji mkuu wa Wilaya ya Karagwe, kwa mstari ulionyooka, na njia ya miguu ilipita katika nchi ya Nkore. Kibiro, kwenye mwambao wa Ziwa Albert katika Bunyoro, ni mbali zaidi, na huko kazi ya kuchuja chumvi kutoka udongo wa chemchemi za moto ilikuwa ya wanawake. Upande wa kusini kulikuwa na chemchemi za chumvi za Uvinza, karibu na Mto Malagarasi, umbali wa takriban kilomita 400. Chumvi ya Katwe ilifanana na fedha kwa uzito wake katika siasa: mwaka 1891 Mwingereza Frederick Lugard alijenga ngome hapo Katwe, kwa sababu aliyeshika ziwa lile alishika mapato ya biashara iliyolisha falme kadhaa. Karagwe yenyewe ilikuwa njia panda. Wafanyabiashara wa pwani waliweka kituo chao Kafuro, karibu na ikulu ya Bweranyange, wakileta nguo, shanga na nyaya za shaba na kuchukua pembe za ndovu. Wasafiri John Hanning Speke na James Grant walipofika Novemba 1861, walimkuta Mfalme Rumanyika akijua vizuri habari za njia za kusini hadi Tabora na za kaskazini hadi Buganda. Vitabu vya wasafiri vinapenda kuzungumzia pembe na bunduki. Lakini pembe ilikuwa mali ya mfalme, ilhali chumvi iliingia katika kila nyumba, na biashara inayoingia katika kila nyumba inastahili nafasi kubwa zaidi katika historia ya mahali kuliko ile iliyopewa hadi sasa.

Asiyeweza kununua chumvi ya ziwani alikuwa na njia nyingine. Katika nchi nyingi za Maziwa Makuu watu walichoma nyasi za mabondeni na mimea ya majini, wakaweka majivu katika chombo chenye matundu, wakamimina maji juu yake na kuchemsha kilichochujika mpaka ikabaki chumvi ya rangi ya kijivu. Ilikuwa na ladha na ililainisha mboga, ila kwa asili yake chumvi ya majivu ni chumvi ya potasiamu zaidi kuliko sodiamu. Ilimwongezea mla ndizi kile alichokuwa nacho tayari. Ndiyo maana, nadhani, majivu hayakuua biashara ya Katwe, ingawa majivu yalikuwa bure na Katwe ilikuwa mbali. Na kuhusu maji yenye madini, Karagwe ilikuwa nayo pia: Henry Morton Stanley alipofika mwaka 1876 alikwenda kwenye chemchemi za moto za Mtagata, ambazo leo ziko Kyerwa, akaeleza jinsi wagonjwa walivyozifuata kwa ajili ya tiba. Watu walikwenda huko walipougua. Haikuwa desturi kuyafanya maji ya Mtagata kuwa ya kunywa nyumbani kila siku.

Hapa lipo pingamizi la haki. Kama watu walitembea siku nyingi kutafuta chumvi, je, huo si ushahidi kwamba miili yao iliihitaji, na kwamba unga wa leo unajibu hitaji la kale? Sehemu moja ya jibu ni ndiyo: mwili hauwezi kuishi bila sodiamu, na mlo wa mimea mitupu unatoa kidogo mno. Lakini hitaji lenyewe ni dogo kuliko hamu. Utafiti wa kimataifa wa Intersalt, uliochapishwa mwaka 1988, ulipima mkojo wa watu kutoka jamii 52, na Wayanomami wa msitu wa Amazon, ambao nao hula ndizi za kupika na hawatumii chumvi, walikutwa wakitoa sodiamu kidogo ajabu huku shinikizo la damu likibaki chini hata uzeeni. Figo zao zilikuwa zimejifunza kubana. Tena chumvi ya Karagwe haikuwa ya midomo ya watu peke yao. Ng'ombe wa Wahima, wafugaji wa nchi hii, walihitaji chumvi ya kulamba, na ng'ombe ndio waliotoa maziwa, ambayo kila lita ina miligramu zaidi ya 400 za sodiamu. Speke alipoeleza wanawake wa nyumba ya kifalme walionyweshwa maziwa mpaka wakashindwa kusimama vizuri, alikuwa akieleza, bila kujua, watu waliopata sodiamu yao kupitia ng'ombe, wakati mkulima wa bondeni aliipata kwa kubadilishana jembe au mkungu. Chumvi ilitafutwa kwa ladha, kwa mifugo, kwa heshima na kwa mwili, na mwili ulikuwa mmoja tu wa wateja wake.

Upungufu unaoua ni wa aina nyingine kabisa. Ni ule wa ghafla, wa saa chache, unaokuja na kuharisha. Mgonjwa wa kipindupindu anaweza kupoteza lita nyingi kwa siku, na kinachotoka si maji matupu bali ni maji yenye sodiamu karibu sawa na ya damu yenyewe, pamoja na potasiamu. Figo hazina la kubana hapo, kwa kuwa upotevu haupiti kwao. Kumpa mtu huyo maji peke yake hakutoshi, kwa sababu utumbo ulioshikwa na sumu ya kipindupindu hauyafyonzi ipasavyo. Mlango ulipatikana mwaka 1960, Robert Crane alipoeleza mjini Prague kwamba ukuta wa utumbo huingiza glukosi na sodiamu kwa pamoja, kimoja kikikivuta kingine, na maji yakifuata nyuma. Mwaka 1968 huko Dhaka, David Nalin na Richard Cash walionyesha kwamba wagonjwa wa kipindupindu wanaweza kutibiwa kwa kunyweshwa mchanganyiko wa sukari na chumvi, wakihitaji dripu kidogo sana. Mwaka 1971, katika kambi ya wakimbizi ya Bangaon huko India, Dilip Mahalanabis aliishiwa dripu, akaagiza mchanganyiko huo upimwe na kufungwa katika mifuko, akawaachia ndugu wa wagonjwa wawanyweshe wenyewe. Vifo vilivyokuwa vikikaribia asilimia 30 vikashuka chini ya asilimia 4. Kutoka hapo ikazaliwa pakiti ya ORS ambayo leo iko katika kila zahanati na duka la dawa muhimu, kutoka Kaisho hadi Nyaishozi.

Eneo la Karagwe liliguswa na historia hiyo kwa namna chungu mwaka 1994. Wakimbizi wa Rwanda walipovuka Mto Kagera, makambi makubwa yalifunguliwa Ngara, na mengine Karagwe kwenyewe, kama Chabalisa na Kagenyi. Julai mwaka huo, ng'ambo ya Rwanda huko Goma, karibu watu 50,000 walikufa katika mwezi wa kwanza, wengi kwa kipindupindu na kuhara damu. Wataalamu waliochunguza vifo vya Goma waliandika kwamba miongoni mwa sababu ni kuchelewa kurudisha maji mwilini na matumizi hafifu ya ORS. Dawa ilikuwa imeshagunduliwa miaka 26 kabla; kilichokosekana ni mikono ya kutosha ya kunywesha, maji safi na mpangilio. Anayesema kwamba maji ya chumvi na sukari ni jambo dogo la nyumbani akumbuke makaburi hayo.

Kwa sababu ni dawa, kipimo chake ndicho kiini chake. Fomula ya mwaka 1975 ilikuwa na sodiamu milimoli 90 kwa lita. Mwaka 2002 Shirika la Afya Duniani lilipunguza nguvu yake: sasa lita moja ina gramu 2.6 za chumvi ya kawaida, gramu 13.5 za glukosi, gramu 1.5 za kloridi ya potasiamu na gramu 2.9 za sitrati, sawa na milimoli 75 za sodiamu, 75 za glukosi na 20 za potasiamu. Badiliko hilo lilipunguza kwa takriban theluthi moja idadi ya watoto waliolazimika kuwekewa dripu. Fikiria basi kinachotokea jikoni. Mama anachukua pakiti iliyoandikwa lita moja. Chombo kilicho karibu ni chupa ya maji ya nusu lita. Anakata pakiti, anamimina unga wote, anatikisa. Mchanganyiko wake sasa una sodiamu milimoli 150 kwa lita, juu ya ile ya damu ya mtoto, na maji yanaweza kuvutwa kutoka mwilini kuingia utumboni badala ya kwenda kinyume chake. Kosa ni la chupa tu, wala halionekani kwa macho, maana maji ya chupa hiyo ni meupe vilevile. Muuza duka la dawa anayemwambia mteja "tumia chupa mbili za nusu lita, umalize ndani ya saa 24, kitakachobaki umwage" anafanya kazi ya tiba iliyo sawa na ya anayeandika cheti.

Yupo atakayeuliza: kwa nini basi tusirudi kwenye mchanganyiko wa nyumbani, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vilivyosawazishwa, katika lita moja ya maji safi? Unafaa pakiti inapokosekana, na historia ya mkoa huu inaonyesha pia udhaifu wake. Oktoba 1978 jeshi la Idi Amin lilivamia kaskazini mwa Kagera na kupora kiwanda cha sukari. Miaka iliyofuata ilikuwa ya foleni, ya maduka matupu, na ya sukari, chumvi na sabuni kugawiwa kwa kipimo au kuvushwa mpakani kwa magendo, mpaka Waziri Mkuu Edward Sokoine alipoanzisha mwaka 1983 msako dhidi ya wahujumu uchumi. Ilikuwa ni miaka hiyo hiyo ambayo dunia ilikuwa ikisisitiza kwamba kila mama anaweza kutengeneza dawa kwa sukari na chumvi za nyumbani kwake. Ushauri ulikuwa sahihi kwa utumbo na mgumu kwa kabati. Kasoro nyingine ni kwamba mchanganyiko wa nyumbani hauna potasiamu. Lakini hapa sufuria ya Mnyambo ina kitu cha kuchangia, na nitarudi huko.

Pingamizi zito zaidi ni la jasho. Mkulima wa Nkwenda anayelima tangu alfajiri, mchimbaji wa bati katika vilima vya Kyerwa, fundi anayefyatua matofali juani, wote wanapoteza chumvi. Ni kweli. Jasho hutofautiana sana kati ya mtu na mtu, lakini kwa wastani lita moja inaweza kubeba karibu gramu moja ya sodiamu, yaani gramu mbili na nusu za chumvi ya mezani. Hata hivyo sehemu kubwa ya Karagwe iko juu ya mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, hewa yake si ya Dar es Salaam wala ya Muscat, na mkulima hufanya kazi yake nzito asubuhi kabla ya jua kupanda. Chumvi aliyoipoteza huirudisha mchana kwa sahani ya maharage yaliyotiwa chumvi, na potasiamu kwa ndizi zilizo pembeni yake. Anayefanya kazi ngumu kutwa nzima juani na kula mara moja tu ana hoja, na kwake uji wenye chumvi kidogo ni jambo la busara. Hatari ya kinyume ipo pia: katika mbio za Boston za mwaka 2002, watafiti waliwapima wakimbiaji 488 mwishoni na kukuta asilimia 13 wana sodiamu iliyoshuka kupita kiasi, na dalili iliyoambatana nayo zaidi ilikuwa kuongezeka uzito njiani, maana yake walikunywa kupita walichotoa. Kunywa kwa kufuata kiu ni kanuni nzuri kwa walio wengi.

Wapo pia wanaosema kwamba hata kama unga hauhitajiki, haudhuru, kwa kuwa figo zitatoa ziada. Figo za kijana zitajitahidi. Lakini Shirika la Afya Duniani linashauri chumvi isiyozidi gramu 5 kwa siku, sawa na gramu 2 za sodiamu, na zipo pakiti za kinywaji zenye gramu nzima ya sodiamu katika bilauri moja. Karagwe ya leo si ile ya Rumanyika. Chumvi iliyokuwa ikibebwa kichwani siku nyingi sasa inauzwa kwa bei ya chini katika kila kioski cha Omurushaka, ikiwa na madini joto, na imo ndani ya mkate, chipsi na viungo vya mchuzi. Wazee wenye shinikizo la damu ni wengi katika kliniki zetu, na kwa mwenye figo dhaifu potasiamu ya ziada inaweza kusimamisha moyo. Ubaya mwingine unakwenda upande wa pili: mzazi aliyezoea kuona vinywaji vya michezo kama "maji yenye madini" humpa mtoto anayeharisha, na kinywaji hicho huwa na sodiamu karibu milimoli 20 kwa lita na sukari inayokaribia gramu 60. Chumvi ni ndogo mno, sukari ni kubwa mno, na sukari iliyozidi huvuta maji utumboni na kuongeza kuharisha. Hili ndilo linalonisumbua zaidi katika matangazo hayo: yanawafunga macho wazazi wasione tofauti kati ya dawa na kiburudisho.

Turudi kwenye sufuria. Tangu mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani limeweka ORS na zinki pamoja, katika kifungashio kimoja, kwenye orodha yake ya dawa muhimu kwa ajili ya watoto wanaoharisha, na ushauri unaoambatana nayo ni kuendelea kumnyonyesha na kumlisha mtoto. Huko Dhaka, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2001, watoto waliokuwa na kuharisha kusikokoma walipewa ndizi mbichi zilizopikwa pamoja na mlo wao, na wakapona haraka kuliko wale ambao hawakupewa. Lita moja ya ORS ina miligramu 780 za potasiamu. Nusu kilo ya ndizi za kupika, zilizopikwa na mchuzi wake bila kumwaga maji, ina zaidi ya mara mbili ya kiasi hicho. Mtoto wa Kyerwa aliyeshikwa na kuharisha anahitaji pakiti ya zahanati iliyopimwa katika lita moja kamili, vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14, na ndizi iliyopondwa mara tu anapoweza kumeza. Kaka yake mzima aliyetoka shule kwa miguu anahitaji maji ya kunywa yaliyochemshwa na chakula cha mchana.